Mbuzi wako akifa usimzike kabla daktari hajamfungua

Nafuga mbuzi huku Kongwa, mkoa wa Dodoma, sio wengi, lakini ada za watoto zinatoka humo zizini. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua majike matatu mnadani, wazuri kabisa kwa macho, nikawaingiza moja kwa moja kwa wenzao jioni ileile. Wiki mbili hazijaisha kikohozi kikaanza. Mmoja, halafu wanne, anasimama miguu ya mbele kaitanua, shingo kanyoosha, mate yanachuruzika, kupumua kwa shida mpaka unasikia ukiwa nje ya boma. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikasema mbuzi wanakohoa, nikapewa penisilini na bomba la sindano, nikachoma mwenyewe siku tatu mfululizo na wakaendelea kufa. Nilizika saba. Saba jamani, na kila nikizika naongeza dozi kwa waliobaki.

Yule wa nane alikufa alfajiri siku ambayo wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, walikuwa kijijini kwa fildi na mwalimu wao. Afisa mifugo wa kata akawaleta kwangu. Nilitegemea watoe dawa waondoke, kumbe wao wakaanza na maswali: wangapi wameumwa, nani alianza, wamelala wapi, nimechoma nini na lini, wapya wametoka wapi, kondoo nao wanakohoa au mbuzi tu? Binti mmoja anaandika kila kitu. Ndo akaniambia, "Mama, huyu aliyekufa usimzike, huyu ndo atatuambia."

Walimfungulia mbali na zizi, wamevaa gambuti na glavu, mwalimu kasimama pembeni anawauliza wao. Mbavu zilipoachia nikaona kwa macho yangu: pafu la upande mmoja limekuwa gumu kama ini, limegandia kwenye mbavu, kifuani kumejaa maji ya manjano, na pafu la pili zima kabisa. Mwalimu akasema hii inafanana sana na homa ya mapafu ya mbuzi, wakachukua kipande cha pafu na yale maji wakaweka kwenye boksi la barafu kwenda maabara, na majibu yaliporudi ilikuwa ndo hiyo. Halafu akanieleza kitu ambacho kwa kweli kiliniuma, kwamba kijidudu cha ugonjwa huu hakina ukuta, na penisilini kazi yake ni kuzuia kijidudu kujenga ukuta wake, kwa hiyo zile sindano zangu zote zilikuwa hazina pa kushika. Zinazofaa ni kama tailosini au oksitetrasaiklini, tena mapema, na dozi ipimwe kwa uzito wa mnyama. Waliobaki wanaoumwa tukawatenga, wakatibiwa, wengi wakapona.

Ndo maana naandika. Wafugaji wengi tunamwita daktari wakati wa kutibu tu, mnyama akishakufa tunaona habari imeisha, wakati mzoga mmoja ukifunguliwa na mtu anayejua unaokoa zizi zima. Hawa vijana wanasoma miaka mitano Morogoro, masomo hayo yapo pale tangu 1976 kabla SUA haijawa chuo kamili 1984, na sehemu kubwa ya kazi yao ni hiyo ya kufungua, kuangalia, kupeleka sampuli. Wakija kijijini kwako wakaribishe, wape maji ya kunawa, jibu maswali yao bila kuficha hata kama ulichoma dawa kienyeji. Kama hawapo, afisa mifugo wa kata yupo, na kwa sisi wa kanda ya kati maabara ya veterinari ya serikali ipo Dodoma mjini.

Ila sikiliza hapa vizuri sana. Mnyama aliyekufa ghafla, bado amenona, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, huyo USIMFUNGUE, usimchune, usigawe nyama hata kwa jirani mwenye njaa. Hiyo inaweza kuwa kimeta na inaua watu. Piga simu, zuia mbwa na watoto, subiri wataalamu waje. Na mifugo wakianza kutupa mimba kwa wingi msimu wa mvua kubwa usishike kwa mikono mitupu, wa Dodoma tunakumbuka Homa ya Bonde la Ufa ya 2007 ilivyotuzikisha watu.

Mimi sasa mbuzi mpya anakaa banda la peke yake mwezi mzima, chombo cha maji chake peke yake, na nawahudumia wa zamani kwanza ndo naenda kwake. Nina daftari: tarehe, mnyama gani, dalili, dawa, na siku ambazo maziwa na nyama yake haviliwi baada ya sindano kama kibandiko cha chupa kinavyosema. Na majibu ya maabara usikubali kuambiwa kwa mdomo tu, omba karatasi. Ile yangu ipo kwenye nailoni ndani ya daftari, na masika iliyopita jike mmoja alipoanza kukohoa nilitoka nayo mkononi kwenda kwa afisa mifugo kabla sijapita dukani.