Maswali yenu ya mbwa: maini, ukali na sufuria ya nani

Niliposema mbwa hufundishwa kwa kipande cha ini lililokaushwa na si kwa fimbo, sikujua kwamba nusu ya ujumbe wenu utakuwa wa maini. Haya, tuanze.

Shikamoo mwalimu. Naomba namna ya kutengeneza hivyo vipande nyumbani. Sina oveni, nina jiko la mkaa tu. (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Nunua nusu kilo ya maini ya ng'ombe kwenye bucha inayouza nyama iliyopigwa muhuri. Menya utando wa juu, toa mishipa mikubwa, kata vipande vya unene wa kidole. Chemsha kwa maji matupu dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Najua ini la dakika 30 ukimwekea mgeni mezani ni matusi, lakini mbwa halalamiki, na sababu ya dakika hizo utaiona kwenye swali linalofuata. Usitie chumvi, mafuta, wala kile kiungo cha unga mnachotia kila sufuria. Maji uliyochemshia usiyamwage. Yakipoa mchanganyie kwenye ugali wake.

Yakishapoa, kata upya vipande vidogo, ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Mbwa anahesabu mara alizopewa, hapimi uzito. Sasa kausha: sufuria nzito, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, makaa machache chini na machache juu ya kifuniko. Anayeoka keki ya mkaa anaujua mpango huu, ila moto wako uwe mdogo kuliko wake, kwa kuwa hapa tunakausha tu. Kila nusu saa funua mvuke utoke, geuza, funika. Masaa mawili hadi matatu yanatosha. Mwenye oveni atumie nyuzi 100 na aache mlango wazi kidogo.

Kukunja ndiyo kipimo. Kikivunjika kimekauka, kikipinda rudisha motoni. Hapo nimemjibu pia dada wa Kinondoni anayeuza vipande hivi na kulalamika kwamba vinaota ukungu siku ya nne: dada, unauza ini lenye unyevu ndani, kavu nje. Kwenye friji weka wiki moja, kwenye friza miezi miwili. Kuanika juani juu ya bati, msiniulize tena. Nzi nao wanapenda maini.

Mimi humpa mbwa wangu ini bichi lenye damu ili awe mkali. Jirani anasema nikichanganya na pilipili ni bora zaidi. Una maoni gani? (Mlinzi, Mbagala)

Jirani yako ampe mkewe pilipili hiyo apikie mchuzi. Damu haileti ukali, pilipili haileti ukali, na bangi, maana najua ndiyo inayofuata, haileti ukali. Pilipili inamchoma tumbo, bangi inamlewesha hadi ashindwe kusimama mwizi akiingia. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kupigwa atamng'ata mtu, kweli, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wa nyumbani.

Ini bichi lina jambo baya zaidi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaweza kuwa na vifuko vya maji kwenye maini na mapafu. Ndani ya vifuko hivyo kuna vichanga vya tegu mdogo sana, milimita chache tu. Mbwa akila kifuko kibichi, tegu hao wanakomaa kwenye utumbo wake kwa maelfu, na yeye haonyeshi dalili. Mayai yanatoka na kinyesi, yananata kwenye manyoya, yanaingia kwenye maji na mboga. Mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anatia vidole mdomoni. Miaka inapita, kifuko kinakua polepole kwenye ini la mtoto huyo, na siku kikionekana hospitalini kazi inakuwa ya kisu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu za dunia zilizowahi kupimwa na kukutwa na wagonjwa wengi zaidi wa aina hii, na tangu miaka ya 1980 kumekuwa na kampeni huko za kutibu watu na kuwapa mbwa dawa. Umasaini nako ugonjwa upo.

Kwa hiyo chemsha. Mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikuanteli kila miezi mitatu. Zile za bei rahisi mnazonunua nyingi hazigusi tegu, soma pakiti. Na ukichinja nyumbani, iwe Idi au Krismasi, ini lenye vifuko lichomwe au lifukiwe shimo refu. Mnapenda kusema "hili halifai, mtupie mbwa". Mnachomtupia mbwa kinarudi ndani kwenu kwa mlango wa mbele.

Halafu, mlinzi, kadi ya chanjo ya kichaa iko wapi? Kila anayeniuliza kuhusu ukali hana kadi.

Naweza kuongeza kitunguu saumu kidogo kwa ajili ya minyoo?

Hapana. Kitunguu saumu na kitunguu maji vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na minyoo inabaki palepale. Nimejibu swali hili mara nyingi hata mhariri amechoka.

Mbwa wangu Labrador wa kilo 30 anapenda sana. Nampa ini kila siku, kiasi cha robo kilo. Ni sawa?

Siyo sawa hata kidogo. Vipande hivi ni malipo ya kazi, na malipo yote ya siku yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Gramu 100 za ini bichi la ng'ombe zina takriban maikrogramu 5,000 za vitamini A. Ini ni maji kwa kiasi cha asilimia 70, kwa hiyo likikauka kipande kidogo mkononi mwako kilikuwa kikubwa sokoni. Vitamini A haitoki na mkojo. Inajilimbikiza, na mbwa anayeshiba maini kwa miezi anaota mifupa ya ziada shingoni na kwenye viungo hadi anashindwa kugeuza kichwa. Binadamu naye hasalimiki: mwaka 1913 mvumbuzi wa Uswisi, Xavier Mertz, alifariki Antaktika baada ya yeye na Douglas Mawson kuishiwa chakula na kula mbwa wao pamoja na maini, na wengi wanashuku sumu ilikuwa vitamini hiyohiyo.

Kwa mbwa wako, gramu 30 au 40 zikipimwa mbichi, siku za mafunzo tu. Tena kwa Labrador na Doberman ningetumia maini ya kuku. La ng'ombe lina shaba nyingi sana kulilinganisha na la kuku, na mbegu hizo mbili zina tabia ya kuhifadhi shaba kwenye ini hadi linaharibika.

Ameharisha tangu jana baada ya kula vipande vyote kwenye kopo.

Kopo zima, halafu unashangaa? Maji safi, wali mweupe kidogo, maini simamisha. Akitoa damu, akitapika au akikataa maji, nenda kwa daktari wa mifugo leo, si Jumatatu.

Nataka kuchanganya na unga ili viwe vingi. Nina dona lililoingia ukungu kidogo, ni la mbwa tu.

"Ni la mbwa tu." Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inashambulia ini, la mbwa na lako, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaga. Ukipata unga safi: maini nusu kilo yaliyochemshwa na kusagwa, yai moja, vikombe viwili vya unga, oka dakika 25 hadi 30 kwa nyuzi 180.

Sisi ni Waislamu, mbwa ni wa ulinzi. Naweza kumpikia kwenye sufuria zetu? (Mama wa Tanga)

Shehe wako atakujibu la najisi, si mimi. Kwa upande wangu mama, hata jirani Mkristo namwambia hivihivi: mbwa awe na kisu chake, ubao wake na sufuria yake, na bakuli analolambia lisioshwe karai moja na vyombo vyenu.

Anakuja nikimwita pale tu anapoona ini mkononi. Nifanyeje?

Kwa sababu umekuwa ukimwonyesha. Weka kopo darini au nyuma ya mlango, mwite mikono ikiwa mitupu, na akifika ndipo uingize mkono mfukoni. Akishazoea, mlipe mara mbili kati ya tano, na asijue ni zipi.