Kwa wanaoanza kuchunguza asili ya msimbo wa jenetiki
Wengi wanaoingia katika somo la asili ya uhai huanza kwa kukariri jedwali la kodoni 64, yaani vikundi vya herufi tatu za RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni), ambamo 61 hutaja asidi amino 20, viungo vya kujengea protini, na 3 husimamisha usomaji, kisha huuliza papo hapo jedwali hilo lilitoka wapi. Swali ni zuri, lakini nawashauri mliahirishe mpaka mtakapoweza kueleza ni kitu gani ndani ya seli kinachotekeleza jedwali hilo leo.

Someni kwanza jaribio lililochapishwa mwaka 1962 na François Chapeville na wenzake. Walichukua RNA chukuzi, yaani ile RNA ndogo inayobeba asidi amino, ikiwa imekwisha kubeba asidi amino ya sisteini, wakaiondolea sisteini hiyo salfa kwa nikeli hata ikageuka kuwa alanini, asidi amino nyingine, bado ikiwa imeshikamana na RNA ileile. Ribosomu, mtambo wa seli unaounganisha asidi amino kuwa protini, ilipopewa mzigo huo iliipanga alanini mahali pa sisteini. Ribosomu, basi, huhakikisha kwamba RNA chukuzi imeoana na kodoni, lakini haitambui mzigo uliobadilishwa namna hiyo. Kwa hiyo msimbo unashikiliwa na vimeng'enya, yaani vichocheo vya kikemia vya seli, vinavyounganisha kila asidi amino na RNA chukuzi yake. Na vimeng'enya hivyo ni protini, ambazo zenyewe hutengenezwa kwa kuufuata msimbo huohuo.

Ugumu wa somo hili uko hapo, nami ningependa mkae nao muda mrefu kabla ya kukimbilia nadharia. Tunayo dalili nzito kwamba RNA ilitangulia protini: Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba RNA inaweza kuchochea mmenyuko wa kikemia, na mwaka 2000 picha za kina za ribosomu zilidhihirisha kwamba mahali asidi amino zinapounganishwa pamejengwa kwa RNA. Maabara pia zimepata RNA zinazojibebesha asidi amino bila kimeng'enya cha protini. Hata hivyo, tofautisheni daima kinachowezekana ndani ya chupa na kilichotokea kweli zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Nimeona hoja nyingi nzuri zikiporomoka kwa kuchanganya mambo haya mawili.

Mkishafika hapo, rudini kwenye jedwali, mkalichore kwa mkono na kulipaka rangi kufuatana na tabia za asidi amino. Mtaona kwamba kodoni zote zenye herufi U katikati hutaja asidi amino zinazokimbia maji, kwa hiyo kosa la herufi ya kwanza au ya tatu hapo huleta madhara madogo. Francis Crick alipendekeza mwaka 1968 kwamba msimbo ni bahati iliyoganda, yaani mpangilio uliotokea kwa nasibu kisha ukawa mgumu kubadilika. Utaratibu huo wa rangi, pamoja na ugunduzi wa mwaka 1979 kwamba mitokondria ya binadamu, yaani vyumba vya nishati vya seli, husoma kodoni UGA kama asidi amino ya triptofani badala ya kusimama, unatosha kuwapa kazi ya kupima pendekezo lake kwa muhula mzima.