Barua kwa mwanangu: ukili niliousuka Bombo

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani baada ya swala ya alfajiri, kabla mtaa haujaamka. Umenieleza kwamba tangu mjukuu wangu azaliwe, miezi saba sasa, unaamka usiku mara nne au tano kumgusa paji la uso, kisha unafungua simu kutafuta maana ya kila kikohozi na kila kipele, na ukimaliza kusoma unabaki na hofu kubwa kuliko ile uliyoamka nayo. Mwishoni umeniuliza: “Mama, nyinyi hamkuwa na simu wala majibu, mliwezaje kulea bila kuogopa?”

Mwanangu, niliogopa. Yule mwanamke uliyekuwa ukimwona akisuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, usiku wa manane karibu na kandili, ukadhani anaipenda kazi, alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka mikono yake. Nilikuficha hofu yangu kwa nia njema, lakini naona sasa nimekurithisha picha ya mama asiyekuwapo, nawe unajipima kwa picha hiyo na kujiona umepungukiwa. Kwa hiyo acha nikusimulie kisa ambacho umekisikia nusu tu.

Mwaka 2000, wakati wa masika, ukiwa na umri wa miaka miwili, ulishikwa na homa. Tulikupa klorokwini kama tulivyoelekezwa, vidonge vichungu nilivyovisaga nikavichanganya na uji wa sukari, na homa ikashuka kidogo kisha ikarudi. Hatukujua kwamba vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea dawa ile. Mwaka uliofuata, 2001, nchi ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza, ikaja dawa nyingine iliyoitwa SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Nayataja haya kwa sababu hata waliotupa vidonge vile kwa sauti ya uhakika hawakuwa na uhakika wote tuliodhani wanao, ingawa sidhani kama walikuwa na nia ya kutudanganya.

Usiku wa pili ulikakamaa mwili, macho yakageuka juu. Bibi yako mzaa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, akasema hilo ni degedege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Akataka ufukizwe kwanza kwa kinyesi cha tembo. Usimlaumu. Alikuwa amezika watoto wawili, na hayo ndiyo aliyoachiwa na waliomlea, ambao nao hawakuwa na kingine cha kumwachia. Nilisimama katikati ya chumba nimekupakata, sina elimu ya kuamua nani mkweli, na hapakuwa na mtu wa kuniahidi lolote. Nilichokuwa nacho ni kitu kimoja kidogo: mtoto wa nyumba ya tatu alikakamaa vivyo hivyo mwaka uliotangulia, akapelekwa hospitali ya Bombo, akarudi anatembea. Nikamwambia mama mkwe wangu, kwa heshima na kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, kwamba nakwenda. Yule mzee jirani yetu akatoa baiskeli yake. Nikakaa kwenye keria nawe umefungwa kifuani mwangu kwa kanga, na baba yako akakimbia nyuma yetu na tochi mpaka mlangoni mwa hospitali.

Walikutundikia dripu ya kwinini. Nilipomuuliza muuguzi kama utapona, alinitazama usoni akasema hawezi kuniambia kitu mpaka asubuhi. Nilimchukia kwa maneno hayo, lakini kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyomshukuru, kwani hakunipa uhakika asiokuwa nao ili tu nimwondokee.

Asubuhi yake jirani aliponiletea chai alileta pia kikapu changu cha miyaa, nikaanza kusuka kando ya kitanda chako. Hofu ilikuwa inaniuliza maswali makubwa: atapona? Akipona, akili yake itakuwa timamu? Na baba yake kule mkonge, ambako mshahara ulikuwa unakuja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao, atalipaje madeni haya? Hakuna hata moja nililoweza kulijibu. Lakini nyuma ya hayo palikuwa na maswali mengine madogo yaliyofunikwa na kelele za yale makubwa: dripu inadondoka? Amekojoa? Midomo yake imekauka? Haya niliyaweza, moja baada ya jingine, saa baada ya saa, na kila nilipolijibu moja nilirudi kwenye ukili. Hofu haikuondoka. Ilipata kazi, basi, na ikiwa na kazi ilinipigia kelele kidogo zaidi.

Sasa nikuambie na upande ambao sijivunii. Kosa langu lilianza ulipokwisha kupona, kwa kuwa baada ya kuonja hatari ile nilitaka nisiionje tena kamwe, nikaanza kukudai uhakika wewe mwenyewe. Wenzako walikwenda kuogelea Raskazone, nikakukataza, mwaka baada ya mwaka, kwa visingizio vya jua na mafua. Hadi leo hujui kuogelea, nawe umezaliwa karibu na bahari. Hofu ile ya Bombo ilikuwa na kazi ya kufanya. Hii ya pili haikuwa na kazi, kwa hiyo ikala utoto wako. Naomba unisamehe, na nakusihi ujichunguze mapema kuliko nilivyojichunguza mimi.

Unasema zamani majibu hayakuwapo na sasa yapo. Mkumbuke mama yako mdogo aliyeolewa Korogwe. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria lililoanza mwaka 2009 na kumalizika 2014 lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na kwetu vituo vilikuwa viwili, Korogwe na Bagamoyo. Watoto walizidi 15,000. Wengine walipata chanjo hiyo, wengine wakapata chanjo nyingine isiyohusu malaria, na wala mama wala waliokuwa wakiwapima watoto hawakujua nani kapata ipi. Mama yako mdogo alimpeleka mwanawe, akaishi miaka bila kujua, akiendelea kumlaza ndani ya neti kila usiku kana kwamba hakuchanjwa kitu. Majibu yalipokuja yalionyesha kwamba watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, walipungukiwa na malaria kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Theluthi moja tu, mwanangu, na bado mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo, kwa sababu theluthi ya watoto wetu ni watoto wengi. Majibu unayoyatafuta kwenye simu saa tisa usiku yamepatikana kwa akina mama waliokubali kukaa bila majibu.

Kwa hiyo, usiku wa leo, mlaze mtoto ndani ya neti na uichomeke pembezoni mwa godoro. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, usimkisie dawa. Wahudumu wa kliniki watakueleza dalili za hatari wanazozitazama kwa watoto wote: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, degedege, na kulegea au kupoteza fahamu. Ukiona hata moja, ondoka hapo hapo, usiku au mchana, na ndiyo sababu nataka leo, kabla jua halijazama, upatane na dereva wa bajaji wa mtaani kwenu na uiandike namba yake ukutani. Hizo ndizo zamu zako. Kikohozi chepesi cha mtoto anayenyonya na kucheka kiache mpaka asubuhi, na simu ilale chumba kingine. Mumeo naye mgawane usiku. Mkataba wake unaoisha mwezi Juni ni hofu nyingine, nayo mtaizungumza mchana, mkiwa mmeshiba.

Bibi yako alipenda kuniambia “tawakali”, yaani mtegemee Mungu, nami kwa miaka mingi nililisikia neno hilo kama amri ya kunyamaza. Sasa nalisema kila nikimaliza kuchomeka neti, kwa vile kazi yangu imekwisha hapo.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la Morogoro. Ndani yake kuna msala wa kuswalia niliouhifadhi sandukuni miaka yote hii, ule wa zambarau na kijani; ukili wake ni ule niliousuka Bombo. Uutandike karibu na kitanda cha mtoto. Ukiutazama vizuri, upande wa kushoto, utaona mahali ambapo msuko umelegea na rangi imepoteza mpangilio wake. Hapo ndipo ulipofungua macho ukaniomba maji, na sikurudi kuparekebisha.

Mama yako