Picha ya kasha la marehemu nyanya: hawa ni watumwa ama wapagazi?

SWALI: Assalam aleikum. Nyanya alipofariki tulifungua kasha lake tukapata picha ya kale, si foto, imechapwa kwa wino mweusi. Watu kama kumi na tano wamebeba mizigo wanapanda mlima kwa mstari, chini kuna Kifaransa nimeweza kusoma neno Usagara tu, na nyuma maandishi yamejaa ukurasa mzima. Ami anasema hao ni watumwa na hataki iwekwe ukutani, kakangu anasema hiyo ni pesa, na jirani ananambia niipige laminesheni isiharibike. Nimfuate nani?
Mjukuu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, Mola amrehemu nyanya. Nianze na jirani manake hilo haliwezi kungoja: usiipige laminesheni, tafadhali sana, ile plastiki ikishashika kwa moto haitoki tena na karatasi ndio basi. Gundi pia hapana, seloteipu hapana. Ukitaka fremu, hakikisha kioo hakigusi karatasi, na uitundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha la jua na upepo wa bahari, kwa sababu unyevu wetu huu wa Mombasa ndio unaoleta yale madoa ya kahawia.

Sasa kakako. Maandishi ya nyuma yanaonyesha ni ukurasa uliokatwa kwenye gazeti ama kitabu, na vitu hivyo vilichapwa nakala nyingi sana, kwa hivyo asianze kupiga hesabu ya ploti. Lakini inaweza kuwa ya kweli kabisa. Le Tour du Monde la Paris lilianza 1860 na lilijaa picha za safari kama hizo, na enzi hizo gazeti halikuweza kuchapa foto moja kwa moja, ilibidi fundi achonge picha kwenye kibao cha mti mgumu, mstari kwa mstari. Nenda kwa sonara umuombe ile lenzi yake ya jichoni uangalie: ukiona mistari, ni ya kuchongwa, ukiona vidoti vidoti vimejipanga, hiyo ni kopi ya baadaye. Tafuta pia kama kuna kamstari keupe, kembamba kama unywele, kamekata picha kutoka juu hadi chini. Kibao kikubwa kilikuwa vipande vilivyofungwa pamoja, mafundi tofauti wakagawana kuchonga, na pale kwenye kiungo ndipo wino ulipokosa kushika. Mimi nikikaona hako kamstari hufurahi kama nimeokota kitu!

Haya, ami. Namuelewa, hiyo si hofu ya bure, biashara ya watumwa ilipita njia hizo hizo. Lakini mwambie atazame shingo. Mara nyingi watumwa wa msafara walichorwa wakiwa na makongwa shingoni, yaani miti ya kuwafungia, ama minyororo. Kama shingo ni tupu, na kila mtu ana mzigo wake, na wa mbele amevaa mapambo kichwani na ameshika bendera, huyo wa mbele ni kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na hao ni wapagazi, watu wa ujira. Njia ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata milima ya Usagara, wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita 1857, mwenzao Stanley 1871, na majina yao tunayajua lakini mizigo hawakubeba wao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini hivi, vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, na kurudi ni pembe za ndovu. Wanyamwezi wengi waliweka mzigo begani, watu wa pwani kichwani, kwa hivyo hebu angalia hao wako wamebeba vipi. Kwa Wanyamwezi kijana kwenda pwani na kurudi ilikuwa ndio kuwa mwanamume. Ni kweli wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao na ujira ukagawanywa, hilo picha haiwezi kukuonyesha.

Kitu ambacho singekiamini ni sura na milima. Mara nyingi aliyechonga hakuwahi kufika Afrika, alikaa Ulaya na mchoro wa msafiri mbele yake akajazia mwenyewe, ndio utaona vilele vimechongoka kama vya Uswisi. Mzigo na mstari wa watu, huko ndiko msafiri alikuwa makini.

Mimi ningeitundika. Ila kwanza muite ami mkae na lenzi pamoja mtazame hizo shingo.

SWALI: Yangu ina rangi, je ni feki?
Msomaji, Likoni

JIBU: Si lazima. Nyingi zilitoka nyeusi tupu zikapakwa kwa mkono, nyengine miaka mingi baadaye na wauzaji. Angalia kama rangi imevuka mstari wa wino, hapo ujue brashi imepita.