Bila udaktari, naweza kuwa mkurugenzi wa shirika la afya?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni tabibu mwenye diploma, naratibu mradi wa mabusha na matende hapa wilayani kwetu chini ya shirika lisilo la kiserikali. Natamani siku moja niwe mkurugenzi mtendaji wa shirika kama hili. Wenzangu wanasema bila kusomea udaktari nisahau. Nina mke na watoto wawili. Niache kazi nirudi chuo?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi usiache. Udaktari ni miaka 5 chuoni na mmoja wa mazoezi hospitalini, na ukimaliza utakuwa umejua kutibu, kazi ambayo mkurugenzi haifanyi. Mimi niliingia shirika la afya kule Lindi kwa mlango wa uhasibu, nikastaafu nikiwa mkurugenzi wake. Sindano sijawahi kuishika.

Wenzako hawajakosea moja kwa moja, maana wakuu wengi wa mashirika makubwa ni madaktari. Ila tazama walikopitia. Githinji Gitahi wa Amref Health Africa ni daktari, lakini kabla ya kukabidhiwa shirika mwaka 2015 alishakaa kampuni ya dawa, akasimamia masoko na usambazaji wa magazeti Nation Media Group, kisha akawa Smile Train, shirika la kusaidia upasuaji wa midomo sungura. Ndiyo, magazeti! Wodini hufundishwi bajeti wala mauzo.

Kazi yenyewe ikoje? Chukua kambi ya upasuaji wa mabusha, unayoijua. Wewe unaona wazee wamejiandikisha, daktari amepatikana, vitanda vipo. Mkurugenzi anaona fedha zilizobaki ziko kwenye kifungu cha mafunzo, nyuzi na dawa ya ganzi hulipwa kifungu kingine, na haruhusiwi kuzihamisha mpaka mfadhili aandike barua ya kukubali. Barua haiji kesho. Huku mganga mkuu wa wilaya anapiga simu, dereva anadai mafuta, na mkichelewa minada ya korosho inaanza. Hapo humpati mtu. Nani alale wodini mzigo wake ukiwa AMCOS, kwenye chama cha ushirika cha wakulima, haujapimwa? Kujua barua hiyo iombwe mwezi gani, huo ndio ukurugenzi.

Halafu kuna mfadhili kuondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika ya afya yaliyoitegemea yalipata taabu kweli. Siku kama hiyo bodi haikuulizi umesoma wapi, inauliza mishahara ya miezi mingapi ipo benki.

Na bodi ndiyo mwajiri wako, usisahau. Wapo waanzilishi wanaoliendesha shirika kama shamba la mikorosho waliloachiwa na baba. Huko cheo utapewa, saini ya benki hupewi. Pakimbie.

Kwa sasa omba ripoti ya fedha ya robo mwaka ya mradi wako uiandike mwenyewe, mhasibu akusahihishe. Akikupiga chenga, mpelekee chai, arudi mezani. Sheria ya NGO ya 2002 inalitaka shirika kupeleka kwa Msajili kila mwaka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo wakaguzi watakuja tu. Wakija, jitolee kuwatafutia vocha na risiti. Wengi hutoroka siku hizo, wewe kaa usikie wanachouliza.

Shahada utaihitaji, sikufichi, matangazo mengi ya kazi yanaidai. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara, unasoma huku mshahara unaingia. Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) nayo ina kampasi hapo hapo. Mimi ningeanza na utawala wa biashara, afya ya jamii ije baadaye, maana ugonjwa tayari unaujua.

Ikitangazwa nafasi ya meneja wa mradi wa mkoa, iwe Lindi au hata Songea, iombe, ilimradi tangazo liseme utasimamia bajeti. Likisema utasaidia kusimamia, liache lipite.