Nimeshaichokonoa, waranti bado ipo?

SWALI: Habari za kazi fundi. Simu yangu ina miezi mitano tu na waranti ni ya mwaka. Mwezi uliopita nilichoka na maprogramu ya kampuni yasiyofutika, nikafungua butiloda (lile kufuli linalozuia programu ngeni), nikaiflashi romu nyingine, yaani mfumo mwingine wa simu, na kuipa ruti kabisa, ruhusa ya kugusa kila kitu ndani. Sasa tundu la chaji limelegea, usipoushikilia waya kwa kidole haipokei moto. Jana usiku nimerudisha programu ya kiwandani. Nikiipeleka watajua? Niseme au ninyamaze?

JIBU: Watajua ndugu yangu, tena bila hata kushika bisibisi. Kurudisha programu ya kiwandani kunafuta ulichoweka ila hakufuti alama kwamba uliwahi kuweka. Hukutaja simu ni ya kampuni gani, lakini chukulia Samsung, hao tangu 2013 wameweka kifyuzi ndani ya simu zao nyingi, ukiingiza programu ambayo hawajaisaini wao kinaungua, na kikishaungua ndo basi, labda ubadilishe bodi nzima. Ukiiwasha kwa ile modi ya kudaunilodi utaona mstari mdogo umeandikwa WARRANTY VOID, mbele yake 0x0 kama haijaguswa, 0x1 kama ndo hivyo tena. Mtu wa kaunta anausoma huku anapiga stori na mwenzake. Na hili wengi hawaambiwi, Secure Folder (folda ya siri yenye kufuli) na Samsung Pay (ya kulipia kwa simu, siku hizi iko ndani ya Samsung Wallet) nazo ndo kwaheri, hata urudishe kila kitu kilivyokuwa.

Sasa, kujua ni kitu kimoja na kukunyima matengenezo ni kingine. Romu haiwezi kulegeza tundu la chaji, hata iwe mbovu vipi! Kama ungekuwa umepandisha spidi ya prosesa alafu bodi ikaungua, hapo ningekwambia ukae kimya ulie mwenyewe. Marekani kuna sheria ya waranti ya mwaka 1975 ambayo kampuni haiwezi kukutupa nje kwa sababu tu umegusa kifaa, inabidi ionyeshe ulichofanya ndo kimeleta ubovu, na Aprili 2018 serikali yao iliandikia makampuni sita barua ya onyo kuhusu mambo kama zile stika za "ukibandua umepoteza waranti". Nchi za Umoja wa Ulaya aliyekuuzia anawajibika miaka miwili, na ubovu ukijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza unahesabiwa ulikuwepo tangu siku ya kununua mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kwingine soma karatasi iliyokuja kwenye boksi, yale maandishi madogo madogo.

Kwa hiyo sema ukweli, ila sema kwa mpangilio: tatizo ni tundu, programu ni jambo lingine. Ukidanganya alafu wakaona 0x1, hata hoja yako nzuri ya tundu hawataisikiliza tena.

Ila kabla hujaenda kokote, zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao (sio sindano jamani) ukwangue humo ndani taratibu. Mara nyingi ni pamba za mfukoni zimeshindiliwa chini mpaka waya haufiki mwisho.

SWALI: Prosesa ya kompyuta yangu, ya Intel, ina herufi K kwenye jina, wenyewe wanaiuza kwamba unaweza kuipandisha spidi. Ikiungua si juu yao?

JIBU: Ungedhani hivyo, eeh. K maana yake kufuli limefunguliwa, sio kwamba wamekubali kukulipa. Ikiharibika kwa kupitishwa viwango vyao, waranti haihusiki, na AMD, wapinzani wao wa prosesa, nao ni hivyo hivyo hata kama umetumia programu waliyotengeneza wao wenyewe kwa kazi hiyohiyo. Hata XMP, ile unayobonyeza mara moja kwenye BIOS (menyu ya mipangilio kabla kompyuta haijawaka kabisa) ili ramu ikimbie, nayo inahesabika ni kupita viwango. Mi kwangu nimeiwasha miaka na sijaizima, ila volteji sigusi.