Usiku wa kuamkia Jumamosi, sio Jumamosi usiku!

Acha kwanza habari ya kilomita. Umeuliza Nairobi hadi New York ni umbali gani, ni saa ngapi angani, na mizigo uifungeje, halafu ukataja kama jambo dogo tu kwamba ndege yako ya kupitia Doha ni 00:40, Jumamosi tarehe 14, na kwamba Jumamosi jioni watu wanakuaga Kasarani kabla hujaelekea uwanjani. Ndugu yangu, jioni hiyo ndege itakuwa ilishakuacha!

00:40 ya tarehe 14 ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Nyumbani unatoka Ijumaa.

Mimi yalinikuta. Wakala aliyenikatia tiketi alinipigia simu: "Safari ni Jumamosi usiku, saa sita hivi." Nikamwamini. Jumamosi saa tatu usiku nikafika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nikashuka garini pale kwenye ukaguzi wa langoni, nikapita kwa miguu na mkoba wangu, nikapanga foleni. Binti wa kaunta akabonyeza, akabonyeza tena. Akaigeuzia tiketi upande wangu, akaweka ukucha chini ya tarehe. "Baba, hii iliondoka jana usiku." Sanduku langu lilikuwa lishapanda kwenye mizani.

Na ukikosa kipande cha kwanza cha safari, mashirika mengi ya ndege hufuta vyote vinavyofuata, hata cha kurudi. Nilinunua tiketi nyingine kwa mkopo wa chama, nikaulipa miezi kumi na minne. Dada yangu alitaka niwepo akijifungua. Nilimkuta mtoto ana siku nne. Yule wakala akaniambia ningesoma mwenyewe. Mtu anakula komisheni yako, kazi yake ni hizo tarehe, anashindwa kutamka "kuamkia"! Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kwa hiyo tiketi yoyote ambayo saa yake ya kuondoka inaanza na 00, 01 au 02, isome kwa sauti: "usiku wa kuamkia." Kisha rudi nyuma kwa muda wa saa tatu, uandike siku unayoangukia. Yako ni Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini usiku, uwe umeshafika kaunta.

Kilomita ni karibu 11,800 kwa mstari ulionyooka, kama saa 15 kwa ndege ya moja kwa moja. Kupitia Doha zinapita 14,000, maana unaanza kwa kupanda kaskazini mashariki ndipo ugeuke magharibi. Saa za Doha ni zile zile za Nairobi. New York wako nyuma kwa saa 7 au 8 kutegemea majira, ndiyo maana tiketi inaonyesha unatua Jumamosi hiyo hiyo. Saa kumi na moja jioni, wageni wako wakigawiwa nyama Kasarani, wewe unatakiwa uwe juu ya Atlantiki.

Mpigie mwenye ukumbi sasa hivi, sherehe iwe Alhamisi. Ukishampigia, rudi hapa utuambie.